Usimwandikishe Mtoto Kwanza

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele, mezani,
Jumatatu, tarehe 22 Desemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, dada yako mkubwa ambaye simu zake huzipokei. Hujambo? Wifi yangu hajambo, amepata nguvu baada ya kujifungua? Na mtoto analala, au anawakesha? Mama anasema wewe hukulala mpaka ulipoota meno, kwa hiyo kama anakusumbua ujue anamlipizia bibi yake, wala usimnunie.

Sisi huku tu wazima. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, sasa anatembea mpaka getini na kurudi, ila kila akifika analalamika kwamba geti limesogezwa. Mimi bado nipo kiwandani, nashona midomo ya magunia ya unga, nyusi nyeupe kama bibi kizee. Shangazi ni yule yule, ukimsikia akicheka ujue yuko mtaa wa pili. Baba yupo. Habari za Baba ndizo zilizonikalisha hapa tangu asubuhi.

Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Uliniandikia kwamba Januari ofisi ya vyeti ikifunguliwa utamwandikisha mtoto kwa jina mlilolichagua wenyewe, kwa kuwa Baba amemnyima lake. Usimwandikishe kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu ufanye unavyoona. Ningeweza kumwomba mtu mwingine akupigie, lakini simu ndiyo iliyotufikisha hapa, na jambo hili nataka liwe kwenye karatasi ili ulisome hata mara mbili.

Baba hasikii. Nimeliandika hivyo hivyo bila kulizungusha, maana mimi mwenyewe nililijua kwa kushtukizwa. Mwezi uliopita nilimpitia kwenye karakana yake jioni baada ya kazi. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari moja, anakwangua kutu, na mwenye gari jingine alikuwa anarudi nyuma kuja upande wake. Yule bwana alipiga honi mara tatu. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Baba hakugeuza hata shingo. Nilimvuta kwa kola ya ovaroli, tukaanguka wote wawili kwenye mafuta machafu, na alipoinuka alinifokea kwanza kwa kumchafua, kisha akaliona lile gari.

Siku ile ile alinilisha kiapo. Nisimwambie Mama, nisimwambie Shangazi, wewe ndiyo kabisa. Akakiri kwamba ni mwaka mzima sasa. Miaka arobaini ya kupiga nyundo kwenye mabati imemla masikio. Mkiwa uso kwa uso anakutazama midomo na kuokota maneno, mengine anayajazia mwenyewe. Kwenye simu hana mdomo wa kutazama, anabaki kubahatisha. Daktari wa masikio alimwambia kuna kifaa cha kuvaa kingemsaidia kidogo, akakikataa, eti watu wa bendi watakiona.

Unaijua ile bendi ilivyo kwake. Karakana ni kazi, lakini tarumbeta ndiyo inayomfanya apige pasi shati lake mwenyewe. Na unamjua kiongozi wao, yule tunayemwita Nukta kwa sababu akisema mazoezi saa kumi, saa kumi na dakika moja mlango umefungwa. Mpiga ngoma wao wa zamani alipoanza kutetemeka mikono, Nukta alimsimamisha mbele ya watu, akamshukuru kwa maneno matamu, akamkabidhi saa ya ukutani. Ndiyo ikawa mwisho wake. Baba anaiogopa saa ile kuliko kaburi.

Sasa nirudi kwenye simu yako. Maneno aliyokujibu mwezi wa kumi uliniandikia, nami nimeyashika neno kwa neno kwa jinsi yalivyoniuma. Ulimwomba jina lake umpe mtoto, akasema, “Langu hilo? Limechakaa hilo, kutu tupu. Msimbebeshe mtu mzigo, mtafutieni jipya.” Kisha akakata. Nilimkasirikia kama wewe. Nikamfuata, nikakaa mbele ya uso wake, nikamuuliza kwa nini amemnyima mwanawe. Akanitazama midomo, akajibu kwa upole, “Sijamnyima. Nilimwonea huruma huyo wa kupewa. Limechoka lile.”

Kitinda, nilikwenda kulia chooni. Nikajiambia, kumbe mzee wetu anajiona amekwisha, mpaka jina lake analiona kutu. Hasira zote zikanitoka. Nikakata shauri kwamba kwenye onyesho la Krismasi la bendi yao hataaibika. Jina lake lilikuwa kwenye tangazo ukutani, la tatu kutoka juu, kwa herufi nene, na nilitaka alisikie, hapana, nilitaka alione likishangiliwa.

Onyesho lenyewe lilikuwa jana, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa chuo. Nyimbo zote za Krismasi, lakini kwa mtindo wa jazi, zile ambazo kanisani tunaziimba tumesimama wima kama askari, wao wanazitembeza kwa madaha. Ungefurahi. Mimi sikufurahi hata robo saa, roho yangu ilikuwa mkononi tangu nilipokuwa navaa viatu.

Nikueleze hofu yetu ilikuwa wapi. Nyimbo zilizoandikwa Baba hana shida nazo. Anatazama mguu wa mpiga ngoma, anahesabu, anaingia mahali pake, na meno yake yanampa mtetemo wa tarumbeta kwa hiyo sauti yake mwenyewe anaijua. Shida ni pale mmoja anapoachiwa apige peke yake anavyojisikia. Hapo hakuna hesabu. Mpiga piano akitaka anazunguka mara mbili, akitaka mara tano, na Baba anatakiwa kuingia mara tu mwenzake anapomaliza. Mpiga piano wa zamani alikuwa anamwinulia Baba kidevu. Huyu wa sasa ni kijana aliyesomea muziki, wanamwita Msomi, na akianza kupiga anafumba macho kabisa, kidevu kiko kifuani. Ukimsubiri akupe ishara utasubiri mpaka Pasaka.

Basi tukapanga mimi na Baba. Kiwandani kwetu mashine zikiwaka husikii hata jina lako, kwa hiyo tunazungumza kwa mikono kutoka pembe hii hadi ile. Ngumi kidevuni maana yake subiri. Vidole viwili begani, gunia limejaa. Mikono miwili juu, washa. Nilimfundisha hizo tatu jikoni, Mama akidhani tunafanya mazoezi ya viungo. Mimi nitakaa safu ya mbele nikiwa macho na masikio yake. Msomi akiwa bado anapiga, ngumi kidevuni. Akimaliza, mikono juu, Baba anaingia. Ilionekana rahisi.

Sikuhesabu kwamba Shangazi atataka kuja. Alinikuta kituoni amevaa kofia nyekundu yenye ukingo kama sinia, akasema kaka yake hawezi kupiga tarumbeta yeye akiwa nyumbani anachambua maharage. Ningemwambia nini? Nikaenda naye. Nilifika mapema makusudi nikashika kiti cha tatu safu ya kwanza, sawasawa na kinara cha Baba cha karatasi za muziki, na Shangazi akakaa kulia kwangu na kofia yake.

Ukumbi ulijaa. Feni za juu zilikuwa zimefungwa tepe za kumetameta, zikizunguka zinadondosha vipande kwenye vichwa vya watu. Bendi ilitoka na tai nyekundu, Baba na shati lake la pasi kali, kiatu kinang'aa. Alinitafuta kwa macho. Aliponiona alishusha mabega kidogo, nami nikaona kumbe naye hajalala.

Mtego wa kwanza ulikuja mapema. Nukta alishika kipaza sauti akaanza kuwataja wanamuziki mmoja mmoja. Alipotaja jina la Baba, ukumbi ulipiga makofi na vigelegele, Shangazi akapaza sauti mpaka mtu wa nyuma akaziba sikio. Baba alikuwa anafuta mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa. Hakuinua kichwa. Makofi yakaendelea, yakaanza kupungua, Nukta akamgeukia, na mimi nikapungia mkono kama mtu anayefukuza nzi mpaka Baba akaniona, akashtuka, akainama vizuri sana. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, “Jamani, mnyenyekevu huyo.” Shati langu lilikuwa limeloa mgongoni na hata wimbo mmoja haujapigwa.

Nusu ya kwanza ilikwenda. Siwezi kukusimulia wimbo kwa wimbo kwa sababu sikuusikiliza hata mmoja, nilikuwa nahesabu. Kila Baba alipoingia mahali pake nilitoa pumzi, kisha naanza kuibana upya. Kwenye ule wa kengele aliifanya tarumbeta ilie kama kengele yenyewe, watu wakacheka kwa furaha. Shangazi alinipiga kiwiko akauliza kwa nini nimekaa kama niliyekuja kwa daktari wa meno.

Wakati wa mapumziko, watu wakinywa soda, wale waliopamba ukumbi walipanda jukwaani. Mti mkubwa wa Krismasi ulikuwa pembeni kabisa, wakaona taa zake hazionekani vizuri. Wakaubeba, watu wanne, wakautua katikati ya Baba na mpiga ngoma. Niliinuka kwenda kuwazuia, lakini ningesema nini? Ningesema baba yangu anahitaji kuuona mguu wa mpiga ngoma kwa sababu gani? Nilirudi nikakaa. Baba alipotoka na kuuona mti ule, alisimama kwanza, kisha akasogeza kinara chake upande wa pili mpaka kikagusa piano. Nukta alimtazama, akatazama saa yake, akaacha.

Nusu ya pili mambo yalianza kuyumba. Baba alichelewa mahali padogo kwenye wimbo wa kwanza, halafu akawahi kwenye wa pili. Si sana, mtu wa kawaida asingejua. Lakini Nukta alijua. Niliona shingo yake ikikaza ndani ya kola ya shati. Baba naye alikuwa ananitazama mimi kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, macho ya mtu aliyeshika kamba. Mdogo wangu, nilitamani nipande jukwaani nimtoe kwa mkono.

Wimbo wa mwisho ulikuwa ule wa kumbembeleza mtoto. Wote walianza polepole, kisha wakanyamaza, Msomi akaachiwa piano yake. Akafumba macho. Baada yake ilikuwa zamu ya Baba, kufunga onyesho. Niliweka ngumi kidevuni. Msomi akazunguka mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mkono ulianza kuniuma. Ukumbi ulikuwa umetulia tuli. Kisha nikasikia piano inaanza kushuka, vidole vinapungua, nikajua ndiyo hapo. Nikainua mikono yote miwili juu.

Shangazi akanitazama. Machozi yalikuwa yameshamlenga kwa wimbo wenyewe. Akaona mpwa wake aliyekaa kama gogo mchana kutwa sasa ameinua mikono juu, akadhani nimeguswa. “Ndiyo, mwanangu, simama, usione aibu!” akasema, naye akasimama na kuinua mikono yake. Bibi wa nyuma akasimama. Safu yote ikasimama, kisha safu ya pili, na waliokuwa pembeni wakasogea mbele wakipunga mikono huku na huku kwa utaratibu, kama waliofanya mazoezi. Ukumbi mzima, Kitinda! Watu mia tatu wameinua mikono, wote wanasema washa, na kofia ya Shangazi iko katikati ya uso wangu na uso wa Baba.

Nilirukaruka. Nilijaribu kupenya. Katikati ya mikono ile niliona kipande tu cha jukwaa, nikamwona Baba ananitafuta, anatazama mkono huu, anatazama ule, hajui upi ni wangu. Na ubaya ni kwamba Msomi alihisi watu wamesimama, akapata moyo, badala ya kumaliza akaanza tena. Sasa ile ishara yangu ilikuwa ya uongo na sikuwa na namna ya kuifuta.

Hapo Baba akaacha kutazama watu. Umemwona mara ngapi akipitisha kiganja juu ya mlango wa gari, macho kayageuzia kwingine, akakuambia hapa pana bonde ambalo wewe hulioni? Alikiweka kiganja kile juu ya mbao ya piano. Akainamisha kichwa. Akakaa hivyo, tarumbeta mkono wa pili, na mimi nikaacha kuruka. Kisha akainua tarumbeta akaingia.

Aliwahi. Sikudanganyi, Msomi alikuwa bado hajamaliza, alikuwa katikati ya sentensi yake kama tungekuwa tunaongea. Alifumbua macho kama aliyemwagiwa maji. Nukta aligeuka mwili mzima. Kwa muda kidogo walikuwa wanapiga wawili, kila mmoja na njia yake, nikasema basi, yamekwisha, mzee kamwaga unga. Lakini Msomi, Mungu ambariki, aliutoa mkono wa kulia akabakiza wa kushoto, akamwachia Baba nafasi. Na Baba akakirudisha kiganja mbaoni, akapiga kwa mkono mmoja, sauti ya chini, ile ya kumlaza mtoto kweli. Nililia na sikujificha. Shangazi alilia kwa sauti, lakini yeye hulia hata kwenye matangazo ya sabuni.

Watu walishangilia mpaka vumbi likatoka darini. Nukta alishukuru kwenye kipaza sauti, akatabasamu kwa meno tu. Niliiona sura ile nikajua anakwenda kumfuata Baba. Nikamwacha Shangazi anakumbatia watu asiowajua, nikakimbilia nyuma ya jukwaa nimwahi.

Nyuma kulikuwa na darasa walilolifanya chumba cha kubadilishia nguo, madawati yamerundikwa ukutani. Bendi nzima ilikuwa humo. Baba alikuwa amewapa mgongo, anaifungia tarumbeta kwenye kisanduku chake. Sikutaka kusema naye kwa sauti mbele yao. Nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya karatasi ya ratiba, “Umewaona wamesimama? Jina lako halijachakaa. Sasa mpe mtoto.” Nikampa mkononi. Alikuwa anatafuta miwani yake Nukta alipoingia.

“Mzee,” Nukta akasema, “pale kwenye piano uliingia kabla ya mwenzako. Ulikuwa mpango wenu?”

Baba hakugeuka. Alikuwa anavaa miwani. Nukta akarudia, safari hii kwa mkazo. Msomi alinitazama mimi, akamtazama Baba, na nikaona anaanza kuelewa.

“Kachoka, Kiongozi,” nikasema. “Mwache kidogo.”

“Nimemuuliza yeye.”

Nilikuwa nafungua mdomo kuongeza uongo mwingine Baba alipogeuka na karatasi mkononi. Hakumwona hata Nukta. “Jina?” akauliza. “Jina gani?”

Nikasogea mbele ya uso wake. “Jina lako. Alilokuomba mwanao kwenye simu.”

“Hakuniomba jina,” Baba akasema. “Aliniomba jiko.”

Mpiga besi akacheka, akidhani ni mzaha. Nikamuuliza Baba kwamba wewe, Kitinda, ulimwambiaje hasa kwenye simu, akasema, “Alisema, Baba, tunaomba jiko lako tumpe. Sikushika ampe nani. Nikamwambia langu limechakaa, amtafutie jipya.” Jiko lake, Kitinda. Lile la mkaa alilolitengeneza mwenyewe kwa boneti ya gari bovu, unalijua, lililotutoa machozi ya moshi utoto wetu wote.

“Jina,” nikamwambia taratibu, nikiyaacha maneno yaonekane mdomoni. “Baba, tunaomba jina lako tumpe mtoto.” Nikarudia mara tatu. Alinitazama midomo kama anayesoma barua ya mahakama. Kisha uso wake ukaporomoka.

Unajua mtu asiyesikia hajui anapaza sauti kiasi gani. “Mimi sisikii!” alisema, na ilisikika mpaka ukumbini, Shangazi mwenyewe ameniambia. “Mwaka mzima sisikii! Mwanangu ameniomba jina, nimemjibu habari za jiko! Mjukuu wangu nimemwambia atafutiwe jipya!” Akakaa juu ya kisanduku cha tarumbeta, kitu ambacho sisi tukikigusa tu tulikuwa tunachapwa, akafunika uso kwa kile kiganja chake.

Hakuna aliyecheka tena. Nukta alivua kofia yake, akakaa kwenye dawati. Aliniambia mimi, “Tutazungumza Januari.” Kisha akakumbuka, akainuka, akaenda akachuchumaa mbele ya Baba, akamgusa goti, na Baba alipoinua macho akamwambia tena polepole, “Tutazungumza Januari, mzee.” Sijui maana yake ni nini. Inawezekana ni ile saa ya ukutani. Nilimwuliza Baba njiani kama anaogopa, akasema anaogopa jambo moja tu, nalo ni tarehe ya ofisi ya vyeti kufunguliwa.

Mama tulimwambia jana hiyo hiyo. Kwanza alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akamgombeza Baba kwa mwaka mzima wa kumwitikia “ndiyo” kwa kila kitu. Anasema sasa ameelewa kwa nini Baba alikuwa anamuuliza, hivi watoto wa huko wanalitakia nini jiko langu? Yeye alidhani ni moja ya mizaha yake.

Halafu Baba akanishika mkono akanipeleka kwenye banda lake la nyuma. Akafunua turubai. Jiko lilikuwa pale, limekwanguliwa kutu yote, mbavu zimenyooshwa, miguu mipya imechomelewa, limepakwa rangi ya fedha. Kumbe zile Jumamosi zote tangu mwezi wa kumi tulipokuwa tunasikia nyundo na kusema mzee hapumziki, ndilo alilokuwa analifanyia kazi. “Nilipokata simu sikujisikia vizuri,” akaniambia. “Mtoto hajaniomba kitu tangu aondoke, leo ananiomba kimoja namwambia kimechakaa. Nikasema ngoja nilinyooshe nimpelekee.”

Mdogo wangu, wewe miezi miwili ulikuwa unaamini Baba amekunyima. Na miezi hiyo hiyo yeye alikuwa anagonga nyundo kwa ajili yako. Nilikulaumu kwa kununa, naomba unisamehe. Nami nimekusamehe zile simu ishirini na moja, nimezihesabu.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la unga wa kiwandani kwetu, anayekuja upande wenu Jumatano. Mzigo mzito uliofungwa kwa gunia ndio wenyewe, tafuta mtu wa kukusaidia kuushusha. Usimpigie Baba simu. Mwandikie kwa herufi kubwa, na ukipata likizo uje, maana midomo yako hajaiona miaka minne na anasema akiiona hataokota neno hata moja vibaya. Kile kifaa cha sikio amekubali kwenda kukijaribu. Anataka amsikie mtoto akilia.

Mama anakusalimu na anamwambia wifi asibebe ndoo kwanza. Shangazi anakusalimu kwa sauti yake yote, bado anasimulia mtaani jinsi alivyousimamisha ukumbi mzima, na hakuna mwenye moyo wa kumweleza. Msomi naye alipita leo asubuhi kumwona Baba, akaomba afundishwe zile ishara za kiwandani. Mbusu mtoto paji la uso kwa niaba yetu sote. Mungu awalinde nyote watatu, awape sikukuu yenye amani na mwaka usio na vidonda.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata ukinuna.

Baba ameniomba kalamu. Haya ya chini ni mkono wake:

Mwanangu, jina mpeni mtoto, ni lake. Jiko nalo nimelinyoosha, halitoi moshi tena.